Ikipata Moto

Asubuhi haina neno.
Driciru anazungusha ufunguo saa kumi na mbili,
umande wa Arua bado umelala juu ya boneti,
nayo inaitika mara moja, kama mtoto aliyetumwa sukari.
Shida ni baadaye. Baada ya daraja la Enyau,
mshale wa joto ukishafika katikati na kutulia,
kwenye mwinuko, lori nyuma likipiga honi,
injini inanyamaza. Haikohoi. Haitetemeki.
Inanyamaza tu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Akae nusu saa kando ya barabara na mikate yake themanini,
ajaribu tena: inawaka,
haina hata haya.

Alikuja kwangu na gunia.
Ndani yake pampu ya petroli, filta mbili, plagi nne,
na koili ambayo fundi wa Mvara aliiapia kwa jina la mamaye.
"Kila mmoja alitoa kitu," akasema,
"na kila mmoja alipokea kitu. Gari peke yake ndilo halikupata."

Nikaiwasha uani. Ikanguruma saa nzima.
Candia, mwanafunzi wangu, akasema, Mama, mbona nzima?
Nikamwambia nyamaza. Hata jino huacha kuuma
ukishakalia kiti cha mng'oaji.

Basi tukaenda kuingoja ife.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo, chuoni hawaifundishi:
kupanda gari la mtu na kuomba liharibike
huku mwenyewe kashika usukani akiomba lisiharibike.

Nikasikiwa mimi.
Kilomita ya ishirini na mbili, mbele ya soko la muhogo.
Upesi, kabla haijapoa!
Petroli ipo: nimelegeza bomba, imenirukia hadi kiwiko.
Cheche? Driciru akazungusha stata, plagi imelazwa juu ya chuma,
mimi na Candia tumeinama, tumeikazia macho
kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.
Giza.

Kumbe pampu ilisingiziwa.
Nikapenyeza mkono chini, inapozunguka krenki,
kwenye kijisensa kidogo kama gumba la mtoto
ambacho huhesabu meno yanayopita na kuiambia injini:
sasa. sasa. sasa.
Kikikaa kimya hicho, wengine wote hawana la kusema.
Nikaomba maji. Driciru akanipa chupa yake ya kunywa.
Nikamimina taratibu, mvuke ukanipanda usoni.
"Washa."
Ikawaka.

Mara moja ni bahati. Tukaenda tena, ikafa,
nikamwagia koili kwanza, makusudi. Kimya.
Kisha kijisensa. Ikawaka.
Mara ya tatu maji yalikuwa yameisha;
tukatumia soda ya Candia, akanuna hadi nyumbani.

Kipya kilikuja na basi la usiku kutoka Kampala.
Kile cha zamani nilikiweka ukingoni mwa sigiri, ubavuni mwa birika,
nyaya za mita zimekishika masikio.
Mia tisa na kumi. Mia tisa hamsini. Elfu moja na ishirini.
Chai ikaanza kuchemka, nambari ikapotea.
Nikakiondoa, nikakipuliza kama uji wa mtoto.
Ikarudi.
Humo ndani, mahali nisipoweza kufika,
uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele umekatika,
ila ncha zake bado zinagusana
kukiwa na baridi.

Driciru akaomba nirudie. Nikarudia.
Hakuuliza bei. Aliuliza kama anaweza kwenda nacho.
Kitie guniani, nikasema.
"Hapana." Akakifunga kwenye pindo la leso.
"Wale wa guniani hawakuwa na kosa."

Kesho yake, saa kumi na mbili, nilimsikia akipita.
Nikahesabu mpaka darajani, bila kukusudia,
kisha mwinuko,
kisha nikaendelea kuhesabu.